Msichana Aliyeachwa Juu ya Barafu

Nilisikia mkasi kabla sijaona kitu. Ndivyo zilivyoanza asubuhi zangu nyingi: niko chini ya blanketi, macho bado nimeyafumba, na upande wa pili wa pazia chuma kinakula karatasi. Kwa sauti tu nilimjua aliyeushika. Mama alikata mfululizo, kama mtu anayepalilia shamba la mwenziwe na anataka kurudi kwake. Mama Neema, jirani yetu, alikata kidogo, akaongea, akakata tena. Shangazi yangu Feza, ambaye wote tulimwita Tantine, alikata polepole, kisha mkasi wake ukanyamaza ghafla, na hapo nilijua amekutana na sentensi.

Wiki iliyopita nilikuwa napaka vanishi rafu ya vitabu niliyotengenezewa na fundi wa mtaani. Nilipofungua kopo, harufu ile kali, yenye utamu wa mbali, ilinikuta sijajiandaa. Niliketi sakafuni na brashi mkononi mpaka ikaanza kukauka.

Tulikaa katika chumba kimoja cha kupanga, mteremkoni chini ya kilima cha Lubaga, Kampala, mahali ambapo ngoma za kanisa kuu zilitufikia zikiwa zimeshachoka. Humo tulilala, tukapika mvua ikinyesha, na humo ndimo Mama na wenzake, wote wametoka upande wetu wa Kongo, walitengeneza shanga za karatasi. Karatasi hukatwa vipande virefu, kila kipande kipana upande mmoja na chembamba kama mkia wa panya upande mwingine. Kisha kipande huviringishwa juu ya sindano nene, ncha hubandikwa gundi, na shanga ikishakauka huchovywa kwenye vanishi na kutundikwa juani. Mtu asiyejua akiishika hufikiri ni jiwe, au mbegu ya mti asioujua.

Karatasi yenyewe ilitoka kwa wachapaji wa mjini, kwa mafurushi: kalenda zilizopitwa na wakati, vipeperushi vya mahubiri, nyuso za wagombea walioshindwa. Nilikua nikiamini kwamba wanasiasa huchapwa ili wageuzwe mikufu. Siku moja, katikati ya furushi, tulikuta vitabu vitatu vinene vya Kiingereza. Kurasa za ndani hazikufaa; zilikuwa hafifu na zilinyonya gundi. Lakini majalada yaling'aa, na Mama alikwisha kuchukua mkasi.

Tantine alimwomba asubiri. Nyumbani Bukavu alikuwa akisomea ualimu kabla vita havijamfungia shule, na hapa Kampala alijifunza Kiingereza kwenye darasa la jioni la kanisa. Alisoma nyuma ya jalada kwa macho kwanza, midomo ikicheza, halafu akatuambia. Aliyeandika ni mzee wa Kiingereza. Anaishi kijijini, na mke wake na mbwa wawili. Vitabu vyake, hivi vya nchi ambayo haipo, vimenunuliwa dunia nzima.

"Dunia nzima," alisema Mama Neema. "Na hivi vitatu vilikosa mutu."

Kulikuwa na picha yake: uso mrefu, kofia ya sufu, theluji nyuma ya mabega. Mama aliangalia kwa heshima, akasema ana sura ya mtu mwenye njaa, kisha akamkata kuanzia kofia kushuka chini. Baada ya siku chache mzee yule alikuwa shanga kama nyingine. Nilitafuta kwenye kamba mpaka nikaipata ile ambayo, ukiigeuza kwenye mwanga, jicho lake moja hutokea upande mmoja. Niliivaa shingoni. Kwa hiyo nilimjua mwandishi kabla sijajua mwandishi ni nini. Nilidhani ni aina ya babu.

Majalada yalikwenda, lakini vitabu vyenyewe Tantine alivichukua, akavisoma. Chumba kilikuwa na dirisha dogo lililotazama ukuta, kwa hiyo mwanga wote uliingia mlangoni, na mlangoni ndipo alipoweka kigoda. Alisoma aya nzima kimya, akainua kichwa, akatupa kwa Kiswahili chetu, huku mikono ya wengine ikiendelea na kazi. Kilikuwa Kiswahili cha Bukavu chenye kujaribu kunyooka, kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Sijasikia tangu siku hizo lugha iliyonikaa masikioni kama ile.

Hadithi ilikuwa ya msichana, binti wa mpiga kengele, katika mji uliozama kwenye ukungu. Mfalme wa mji amekufa, na farasi wake hataki kula wala kulala mpaka arudishwe alikozaliwa, ng'ambo ya milima. Wakubwa wote wana sababu za kutokwenda. Msichana anakwenda. Katika kitabu cha pili ukungu unakuwa mzito kiasi kwamba anachukua kamba, anafunga ncha moja kiunoni na nyingine shingoni kwa farasi, wasipotezane. Ukungu wanawake wetu waliujua. Mama Neema alikulia kwenye vilima ambako ng'ombe wanapotea mbele ya macho yako. Theluji iliwapa shida. Tantine alisema ni kama barafu ya kwenye friji, imeanguka kutoka juu, tena haina mwisho. Mama aliuliza ni nani anayelipa umeme.

Niligundua mapema jinsi ya kupima hadithi. Ikiwa ya kawaida, mikasi iliendelea. Ikianza kukaza, ilipungua kasi, mmoja mmoja. Na mahali penyewe, pale ambapo msichana anasikia hatua nyuma yake na hatua hizo si za farasi, mikasi yote ilinyamaza, ukasikia gundi ikichemka juu ya makaa. Nilitamani kuwa ndiye anayenyamazisha mikasi kuliko nilivyotamani viatu.

Mwenye nyumba alikuwa Nnalongo, mama wa mapacha, Mganda aliyezeeka vizuri, mnene na mwepesi. Siku tulipohamia alimwambia Mama kwamba hataki kusikia Kiswahili jioni. Katika ujana wake lugha hiyo ilikuja mlangoni pamoja na buti, na aliyeisema alikuwa na bunduki. "Kiswahiri ya jeshi," aliita. Hakutukataza mchana. Na mchana, Tantine alipoanza kusoma, Nnalongo alileta mkeka wake barazani, karibu na mlango wetu, akabambua maharage akitazama pengine. Ilichukua muda mrefu. Kisha alasiri moja, Tantine alipofunga kitabu, tulisikia sauti yake ikiuliza kutoka nje, kwa uzito wote:

"Na falasi, imekula?"

Tangu hapo alikuwa mmoja wetu, ingawa mkeka wake haukuvuka kizingiti.

Kitabu cha tatu kiliisha msichana akiwa juu ya mto ulioganda. Ng'ambo inaonekana. Farasi yuko hatua chache mbele yake, kamba imekaza kati yao, na barafu chini inaanza kutoa mlio. Hapo kurasa zinakwisha. Tantine aligeuza ukurasa mtupu, akaugeuza tena. Alitueleza kwamba kuna kitabu cha nne, mzee bado anakiandika, na sisi tutasubiri kama wanavyosubiri wengine. Mama Neema alisema yeye amezoea kusubiri, yuko kwenye orodha ya wakimbizi.

Tulikuwa bado tunasubiri pale redio ya Nnalongo ilipotoa habari za Kiingereza barazani, na Tantine akasimama na kipande cha karatasi kikining'inia kidoleni. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliporudi alikaa kwenye kigoda chake bila kitabu.

"Amekufa," alisema. "Mzee wetu. Kitabu cha nne alikifikisha katikati."

Mama alitoa pole kwa sauti ya chini, kama inavyotolewa kwa mtu yeyote. Mama Neema alikuwa na swali jingine. "Na msichana?"

"Palepale. Juu ya barafu."

Sasa nieleze nilivyoelewa mimi, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka kwenye uelewa huo. Muda si mrefu kabla ya hapo, Nnalongo alikuwa amefanya lumbe ya marehemu mumewe, sherehe ya Waganda ya kumaliza msiba. Watu walijaa ua mzima, wakala, wakapiga ngoma mpaka asubuhi, na jua lilipotoka kijana mmoja akasimamishwa mlangoni pa nyumba kubwa, amefunikwa nguo ya gome la mti. Huyo ndiye musika, mrithi. Alipewa mkuki na maneno. Kisha nikamwona Nnalongo, bibi mzima, akimwita kijana yule kwa jina la mumewe, na kijana akaitika. Nilikuwa nimesimama kati ya miguu ya watu, na nilielewa barabara: mtu akifa, kazi yake haifi, ila haisogei pia. Inabaki imesimama palepale alipoiacha mpaka mtu mwingine asimame mlangoni na aitike.

Basi mzee wa Kiingereza hajapata musika. Ndiyo maana msichana hasogei.

Hili peke yake nadhani ningelivumilia. Lakini wiki hizohizo jina la Tantine lilitoka. Alikuwa ameliweka kwenye foleni ya kupelekwa nchi nyingine kabla mimi sijaanza kutembea, na sasa likatoka, peke yake, bila sisi. Kanada. Nilimuuliza kama huko kuna barafu. Alicheka, akaniambia maziwa yenyewe yanakuwa magumu, watu wanatembea juu, wengine wanapita na magari. Alidhani ananifurahisha. Mzee alikuwa amekufa akimwacha msichana juu ya barafu, na shangazi yangu alikuwa anapelekwa hukohuko. Kama hakuna atakayemvusha yule, nani atamvusha huyu? Niliamua kwamba mtu huyo ni mimi. Sikuwa na shaka hata kidogo. Nimewahi kuamua mambo mengi tangu hapo, hakuna nililoliamua kwa moyo mzima kama hilo.

Nilianza kwa Nnalongo, maana ndiye aliyejua utaratibu. Nilimkuta na maharage yake, nikapiga magoti kama nilivyoona watoto wake wakifanya, nikamweleza kwamba mzee wa kitabu hana musika na mimi niko tayari.

Hakucheka. Aliuliza mzee huyo ni wa ukoo gani, mwiko wao ni mnyama gani.

"Mbwa, Jjajja," nilisema, nikimwita bibi kwa Kiganda. "Anao wawili."

"Mwiko ni ire kitu watu ya ukoo hapana kula."

Nilifikiri. "Basi ni mbwa kweli, Jjajja. Wazungu hawali mbwa."

Hapo alicheka, maharage yakamwagika mkekani, na ilibidi nimsaidie kuyaokota. Akiwa bado anafuta macho aliniambia ukweli wake. Mrithi wa mwanaume ni mwanaume, na anatoka katika ukoo. Mtoto wa kike anamrithi ssenga wake, dada wa baba yake. Yeye mwenyewe alimrithi ssenga wake. Alisimamishwa mlangoni bado msichana, akapewa kisu cha kumenyea ndizi, na kisu hicho anacho hadi leo. Kisha akaninyooshea kidole chenye ganda la haragwe.

"Na wewe hapana jichagua. Watu ya nyumba ndio wanachagua. Mimi sikuomba kisu."

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha. Dada wa baba yangu alikuwa amekaa pale kwenye kigoda, na hadithi yote ilikuwa kinywani mwake. Jioni, tukila samaki mdogo wa Ggaba na ugali, niliwatangazia kwamba kabla Tantine hajasafiri tutamfanyia lumbe, nimrithi.

Mama aliweka tonge chini.

"Unataka kuzika mutu mwenye iko na tikiti?"

Kwetu msiba hauchezewi. Walikuwa wamewaacha nyuma wengi bila hata kuwakalia matanga, na hapa mtoto wake mwenyewe anamwekea matanga aliye hai, safari ikiwa imekaribia. Alinifukuza mezani. Nikiwa nyuma ya pazia nilimsikia Tantine akicheka kicheko kile cha kuzuia, akimwambia, "Wacha, wifi. Huyu hanitaki nife. Ananitaka nifike." Sijui alijuaje. Sikuwa nimemwambia mtu habari ya barafu.

Kesho yake aliniita mlangoni. Alisema kigoda hakipewi mtu kwa sababu amelia. Nikitaka kukikalia nimalize hadithi, mbele ya wanawake wote, kazi ikiendelea.

"Siku mikasi itanyamaza, nitakupisha. Na si mimi nitasema imenyamaza. Utasikia mwenyewe."

Hivyo nilianza kazi ninayoifanya mpaka leo, na sijapata tena wahakiki wakali kama wale. Mara ya kwanza nilimleta ndege mkubwa wa moto, akamnyakua msichana na farasi wake, akawaweka ng'ambo. Mikasi haikupungua hata kidogo. Mama Neema aliuliza ndege huyo alikuwa wapi vitabu vyote vitatu, alikuwa amelala? Mara ya pili nilileta meli, ile ya Port Bell inayobeba mabehewa ya reli, niliyoiona siku moja tulipokwenda Luzira kumtembelea mtu. Nnalongo aliipenda meli. Alisema ni kitu cha nguvu. Tantine aliuliza tu, kwa upole, meli inapitaje kwenye mto uliokuwa jiwe. Mara ya tatu nilisema msichana aliamka, kumbe ilikuwa ndoto, na Mama, ambaye mpaka hapo hakuwa amesema neno tangu usiku wa samaki, akakata haraka zaidi, kama anayetaka kunikatia mbali.

Nililia, nikaosha uso, nikarudi. Nilijaribu jua. Nilijaribu malaika. Nilijaribu mfalme kufufuka. Siku zilikuwa zinakwisha. Sanduku la Tantine lilikuwa limeshafunguliwa juu ya kitanda na vitu vikiingia na kutoka.

Aliyenisaidia ni Mama. Tulikuwa wawili tu, tunatundika shanga zilizotoka kwenye vanishi, mikono yetu inanata. Bila kunitazama akasema, "Kamba."

Niliuliza kamba gani.

"Amejifunga na farasi kwa kamba. Si ndivyo alisoma? Barafu ikipasuka chini ya mmoja, inawavuta wote." Alitundika nyingine mbili. Halafu akanieleza jambo ambalo hajalirudia tena. Walipokuwa wanakimbia, yeye na Tantine, walifika kwenye daraja la mbao, na mbao zilikuwa zimebaki mbili. Watu waliokuwa mbele waliwaambia wapite mmoja mmoja, wasishikane. Tantine, aliyekuwa bado msichana, alilia, akanyoosha mkono. Mama alikataa kuushika.

"Nilimuangalia hivi hivi akilia. Nikamwambia, tangulia. Ningemshika, leo haungekuwa na shangazi wa kukusomea."

Nilielewa, na sikutaka. Msichana yule alivuka milima yote akiwa amefungwa na yule farasi. Kumfungua katikati ya mto kulikuwa kama kumsukuma. Niliondoka na ule mwisho nikauficha. Niliendelea kutafuta mwingine mpaka wanawake wakaanza kunihurumia, na huruma yao ilikuwa mbaya kuliko maswali.

Nimevisoma vile vitabu vitatu tangu wakati huo, kwa Kiingereza, nikiwa mtu mzima, nakala nilizonunua kwenye meza ya mitumba mjini. Nilijiandaa kugundua kwamba Tantine alikuwa akituongezea. Hakuongeza kitu. Aya kwa aya alikuwa mwaminifu, hata pale alipokuwa akitafuta neno kwa muda mrefu mpaka gundi ikakauka. Nilisoma pia maisha ya mzee, kwamba alikataliwa na wachapishaji miaka mingi kabla ya kujulikana, kwamba aliandika jikoni, asubuhi, kabla mke wake hajaamka. Na nilijua jambo ambalo lilinifanya nicheke peke yangu: baada ya kifo chake, watu wa nyumba yake walikaa, wakachagua mwandishi mwingine, wakamkabidhi alichokiacha, akamaliza kitabu cha nne. Kumbe wazungu nao wanaye musika. Nnalongo alifariki kabla sijamwambia.

Hicho cha nne sijakifungua. Simdharau aliyekiandika, lazima alitoka jasho kama mimi. Ni kwamba msichana wangu alishavuka. Watu huniuliza, kwenye mikutano ya waandishi hapa mjini, kwa nini naandika riwaya kwa Kiswahili katika jiji ambalo wengi wanakisikia kama lugha ya askari na ya wapita njia. Huwa nawajibu kwa maneno ya kistaarabu. Jibu lenyewe ni kwamba nilisimamishwa mlangoni katika lugha hiyo, na niliitika.

Ilikuwa asubuhi, jua limetoka kweupe baada ya mvua. Gari la kumpeleka Entebbe lilikuwa linasubiri chini barabarani, lisingeweza kupanda kwenye utelezi wetu. Wanawake walikuja mapema na kazi zao, kwa sababu kukaa na mikono mitupu kungekuwa kukaa matanga. Tantine alikuwa amevaa koti zito alilopewa, jasho linamtoka. Nami nilikuwa nimeamka kabla ya mkasi wa kwanza, nimechukua kigoda, nimekiweka katikati ya mlango, nimekikalia. Hakuna aliyeweza kutoka bila kuniruka.

"Hutoki mpaka avuke," nilimwambia.

Mama alifungua kinywa. Tantine alimwekea mkono begani, akakaa kitandani na koti lake, akasubiri. Mikasi ilianza.

Nilisimulia nikitazama nje, kwa sababu ningewatazama nisingeweza. Nilisema barafu ilikuwa inalia. Nilisema msichana alipiga magoti, akaweka sikio chini, akasikia mto ukipita huko ndani, mzima kabisa, ukiwa na haraka. Nilisema vidole vyake vilikuwa vimekufa kwa baridi na fundo lilikuwa limeganda, kwa hiyo alilipuliza kwa pumzi yake, akapuliza tena, mpaka likalegea. Mkasi wa Mama Neema ulipungua. Nilisema farasi aligeuza kichwa aliposikia kamba imekuwa nyepesi, akamtazama, hakutaka kwenda. Mkasi wa pili ulikoma, kisha mwingine. Nilisema msichana hakumpiga wala hakumwita. Alikaa pale alipo, mikono ameiweka nyuma ili asije akainyoosha, akamwambia, tangulia.

Nilisikia makaa. Nilisikia Nnalongo barazani, haragwe moja likizunguka vidoleni mwake bila kudondoka. Mkasi wa Mama ndio ulikuwa wa mwisho. Ulikata mara moja tena, nusu, ukabaki umefunguka.

Nilisema farasi alifika. Alionekana ng'ambo kama doa jeusi, akajitikisa theluji. Ndipo msichana akasimama, akachagua njia yake mwenyewe, mbali na nyayo za farasi ambako barafu ilishachoka, na akavuka.

"Imekula?" Nnalongo aliuliza, chinichini.

"Imekula, Jjajja. Kuna majani ng'ambo."

Tantine alisimama. Alivuta kitenge kutoka kwenye kamba ya nguo, akanifunika mabegani, kama gome lile la mti. Hakuwa na mkuki, wala kisu. Aliniwekea mkono kichwani tu, mkono wenye harufu ya vanishi, nikamsikia akivuta pumzi.

"Tantine," aliniita. Jina lake mwenyewe.

Nilimtazama Mama kwanza. Alikuwa na mkasi umefunguka mapajani na macho yamejaa, na hakukataa.

"Abee," niliitika.

Nikasimama, nikasogeza kigoda, akapita. Aliagana na Nnalongo kwa Kiganda, na Nnalongo akamjibu, mara ya kwanza na ya mwisho, kwa Kiswahili kisicho cha jeshi: nenda vizuri. Hatua chache tu kwenye utelezi, Tantine akasimama akiwa ametupa mgongo, sanduku mkononi.

"Funga nyuma yangu," alisema. "Nikigeuka nikaona mulango iko wazi, nitarudi."

Nyuma yangu hakuna aliyesogea. Mwanga wote wa chumba ulikuwa unapita hapo nilipo, na nilijua tukifunga tutabaki gizani na kazi mikononi. Nilitaka kunyoosha mkono. Niliuweka kwenye ubao wa mlango badala yake, nikaweka na wa pili, nikasukuma kwa nguvu zangu zote, mpaka nikasikia komeo limeingia mahali pake.